Mwambie Kaka Yako

Kaka yangu Gaspare alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi, uzito wa kati, kwa miezi michache tu. Baada ya hapo akawa bingwa wa kuudhi watu, na mkanda huo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Yeye ndiye mkubwa. Mimi, Assunta, nilimfuata, na Ignazio, kitinda mimba, akafunga mlango. Enzi za ulingo Ignazio ndiye aliyekaa kwenye kona ya Gaspare: kumfuta damu, kumpa maji, kumwambia uongo kwamba anashinda. Kisha Gaspare akajitia kichwani kwamba mkewe Dolores anatembea na Ignazio. Hakuuliza mtu. Aliingia nyumbani kwa mdogo wake wakati wa chakula cha mchana, akampiga mbele ya watoto mpaka meza ikapinduka. Sikio la kushoto la Ignazio halikusikia tena. Haikupita wiki, Gaspare mwenyewe akajua kwamba hapakuwa na lolote. Dolores akafunga sanduku lake akaenda zake. Kilichobaki ni neno moja tu, samahani, na yule mtu aliyekuwa akila ngumi raundi kumi na tano bila kuanguka, neno hilo lilimshinda kutoa.

Mama alipokuwa anakata roho aliwaita wote wawili, akawashikisha rozari yake, akawaapisha: kila Jumapili baada ya misa mtakula meza moja kwa Assunta. Wakaapa. Maskini mama, alisahau kuwaapisha waongee.

Basi mimi nikawa posta.

"Assunta, mwambie kaka yako jibini iko mbele ya pua yake."

"Gaspare, jibini iko mbele ya pua yako."

"Mwambie nimeiona. Pua hii imevunjika, haijapofuka."

Miaka na miaka hivyo, hapa hapa Bronx, wanaume wawili wenye mvi na mimi katikati kama mwamuzi asiyelipwa. Sikuomba mengi. Nilitaka siku moja, kabla hawajanibeba kwenda makaburini, niwasikie wakisemeshana wenyewe, nami nile makaroni yangu yangali ya moto.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walitaka kutengeneza filamu ya maisha ya Gaspare, na wakamleta kijana wa California atakayemwigiza, Dennis Corley, meno meupe kama choo kipya. Alikuja Jumapili kujifunza jinsi kaka anavyotafuna. Nilimwekea sahani mbili za mchuzi wa nyama, maana alionekana hajawahi kuwa na mama.

Kijana alikula kwa adabu, kisha akafuta mdomo na kuuliza swali ambalo mtaa mzima haukuwahi kuliuliza.

"Mzee Gaspare, uliwahi kumwomba msamaha ndugu yako?"

Uma wangu ukasimama hewani.

"Niliomba," Gaspare akasema bila kupepesa. "Zamani sana. Ndani ya gari. Nililia kama mtoto."

Ignazio akaendelea kukata mkate wake polepole. "Assunta, muulize lilikuwa gari gani."

"Gaspare, gari gani?"

"Mwambie Buick. Jeusi."

"Mwambie hajawahi kuwa na Buick."

"Mwambie niliazima!"

"Kwa nani? Mtaa huu nani angemwazima mtu yule gari? Muulize!"

Corley alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama mtazamaji wa tenisi. Nikamwambia, "Kula, mwanangu, hapa ndipo wanapopendana." Lakini nilimwona akilihifadhi lile gari kichwani, taratibu, kama mtu anayetia yai mfukoni.

Siku ya filamu kuonyeshwa tulikwenda sote. Nilikaa katikati, kama kawaida, Ignazio kushotoni kwangu, sikio lake zima likinielekea. Nitasema kweli, yule kijana alikuwa mzuri. Alipoingia nyumbani na kupindua meza, Ignazio alinibana mkono mpaka pete ikaniuma. Mbele yetu mama mmoja alijiziba macho. Gaspare alikuwa anatafuna karanga.

Kisha likaja gari. Buick, jeusi, linang'aa, mvua inapiga kioo. Corley ameshika usukani, halafu anamgeukia yule aliyemwigiza Ignazio, anamshika kichwa kwa mikono miwili, sikio lile lile, analibusu. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa mnyama. Nisamehe." Ukumbi mzima ulikuwa ukivuta kamasi. Nami nikivuta zangu, mjinga mimi, nikilililia gari ambalo halikuwahi kuwapo. Nikamtazama Ignazio. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kola, wala hakuyafuta.

Nikajisemea, mama, huenda ndiyo leo.

Nje, watu walimzunguka Gaspare wakimpigapiga mgongo. Alipotufikia uso wake ulikuwa mwekundu kwa furaha.

"Assunta, mwambie si ameona mwenyewe? Basi, yamekwisha."

Ignazio akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Mwambie yule kijana wa California," akasema, "nimemsamehe."

Akaondoka kwa miguu.

Jumapili iliyofuata bado alikuja. Kiapo ni kiapo. Nilipakua, nikakaa, nikasema sala. Gaspare hakugusa uma. Alikuwa anachora kitambaa cha meza kwa kidole, lile dole nene lililopinda.

"Assunta. Mwambie..."

"Nimwambie nini?"

"Yale. Ya kwenye gari."

Nilikuwa nimebeba maneno yao yote, ya jibini, ya chumvi, ya matusi. Hilo nilikataa.

"Hilo sibebi, Gaspare. Mtu huyu hapa. Mwambie mwenyewe, mdomo unao."

Ignazio aliacha kutafuna. Akageuza kiti, taratibu, sikio lake zima likamwelekea kaka yake. Akangoja. Nami nikangoja, na nadhani hata mama huko aliko alishika pumzi. Gaspare akafungua mdomo. Niliona shingo yake ikivimba kama zamani kabla kengele haijalia. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Assunta," akasema, "mwambie anipe jibini."

Ignazio akaichukua jibini, akaiweka mbele ya Gaspare kwa mkono wake mwenyewe. Akakunja kitambaa chake, akanibusu shavuni, akasema, "Mama atanielewa." Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini, na mlango wa barabarani ukifungwa.

Hajarudi tena. Gaspare haachi kuja. Filamu ilimpa marafiki wengi, lakini hakuna anayempikia. Jumapili iliyopita nilipakua sahani tatu kwa mazoea. Akala, akaangalia kile kiti, akanionyesha kwa uma.

"Assunta, mwambie makaroni yanapoa."

Nikakigeukia kiti, nikakiambia.