Simu Moja Ndani ya Goma

Saa nne asubuhi Josée aliona kwenye kompyuta yake simu moja ikiwaka ndani ya depo ya Goma. Depo ilipaswa kuwa tupu. Mji ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi tangu jana, na patron wake, Papa Kakule mwenye kampuni, alisimama nyuma ya kiti chake hapa Lubumbashi akirudia neno moja.

"Funga."

Kwa miaka mitatu Josée ndiye aliyelinda mtandao wa nyumba hii ya biashara ya jumla. Depo zote nne alizisimamia kwa kompyuta moja, na mitambo yao ilimtii kupitia intaneti. Akiwa ofisini, mtaa wa Golf, angeweza kuufungia mji asioufikia kwa gari. Uhodari wote huo uliharibiwa na Papa Kakule mwenyewe. Neno la siri lilikuwa moja kwa depo zote, na kwa amri yake liliandikwa kwa chaki ukutani, ili kila dereva anayeshusha mzigo awajulishe watu wa kwao kwamba amefika. Josée alimsihi awatengee wageni njia yao. Wapi!

"Mama Josée, bantu bangu si bageni," mzee alikuwa akicheka.

Leo hakucheka. Yeyote atakayevunja kufuli la Goma angeisoma chaki ile, kisha aingie mpaka kwenye orodha ya kampuni: majina ya wateja, namba zao, nyumba wanamolala watoto wao.

"Patron, kuna mtu ndani. Simu ni ya Brigitte."

"Haiwezekani. Alivuka mpaka jana."

Brigitte, mwangalizi wa depo, alikuwa kitinda mimba wa mama yake Kakule, na kaka yake huyo alimwita Yaya. Josée alimwandikia upesi. Jibu likaja: "Mpaka ulifungwa. Tuko bantu kumi na mmoja nyuma ya magodoro. Simu za mji zimekufa, iko dishi yetu ya setilaiti tu. Yaya, musizime."

Kakule akakaa juu ya katoni ya sabuni.

"Naweza kuitenga Goma," Josée alisema. "Nifute neno la siri, niache njia ya ujumbe tu, kwa simu nitakazozikubali moja moja. Lakini lazima mtambo uzimwe, uwashwe upya. Betri zao zimechoka. Pengine hautawaka."

Josée aliona uchungu, na aibu pia. Miaka yote mitatu aliwaza wezi walio nje. Aliyejifungia ndani hakuwahi kumpitia akilini.

"Brigitte, ninazima," aliandika. "Ni mimi, si wao. Ngojeni." Akabonyeza.

Dakika sita zilipita. Mvua ilipiga bati. Kakule alishika rozari mfukoni bila kuitoa.

Kisha mtambo ukawaka. Josée akapiga kelele kama mtoto, akaikubali simu ya Brigitte. Papo hapo simu nyingine tano zikaomba kuingia, kila moja na jina lililopewa na mwenyewe. Hakulijua hata moja.

Kakule akavaa miwani, akasogea. "Kapya, huyo dereva wangu. Mufungulie. Chance, mutoto wa Brigitte. Mufungulie. Bijou anauza chai mlangoni. Gérard, mulinzi wetu. Fungua, fungua."

Ikabaki moja. Ngosa.

"Huyu simujui," mzee alisema.

Josée akauliza. Brigitte alichelewa kujibu: "Iko askari wa serikali. Iko na risasi kwenye paja. Tulimuvua nguo za jeshi, tukamuficha. Anataka kumujulisha mama yake."

"Wakimukuta mule, watabauwa bote," Kakule alinong'ona. "Bote, Mama Josée!"

"Mama yake anakaa wapi?" Josée aliandika.

"Kasungami."

Kasungami! Ni hapa hapa Lubumbashi; kwa teksi, hata mvua ikinyesha, hapafiki mwendo wa saa moja. Josée alimtazama mzee. Mzee alilitazama jina lile, midomo ikilitamka polepole.

"Mufungulie," alisema.

Josée alikuwa amekwisha kubonyeza. Wakangoja wote wawili, bega kwa bega, mpaka Brigitte alipoandika tena:

"Anaandika. Tunamushikia simu."