Ukaguzi wa Magoti

Mimi Ekuam, niliyemshika fisi masikio kule Biliqo mpaka akaniomba msamaha, sikudhani ningeshindwa na mwanamke mwenye kalamu.

Binti yangu Natabo alikuwa amepata kazi ya kupika katika hoteli moja huko Wabera. Mtoto wake Nakal ana mwaka mmoja na nusu. Je, abaki na mimi hapa Kiwanjani, ama apelekwe Meru kwa Makandi, nyanyake wa upande wa baba? Natabo alisema ataamua sista wa kliniki, yule anayezunguka akifundisha wazazi kuzuia ajali za watoto nyumbani.

Sista Kabale alifika saa tatu asubuhi. Akaangalia chumba, akaniangalia mimi.

"Mzee, piga magoti."

"Tunaomba?"

"Tunakagua. Nyumba ya mtoto inaangaliwa kutoka kimo cha mtoto."

"Sista, haya magoti yalistaafu kabla yangu."

"Basi Meru si mbali," Natabo akasema.

Nikashuka. Nakal akanipanda mgongoni, akanichapa kama punda. Kule chini nyumba yangu ilikuwa nchi nyingine: waya wa pasi ulining'inia karibu unikune pua, wembe niliotafuta tangu Pasaka ulikuwa unaningoja. Chini ya kitanda nikaona chupa ya soda. Aa, ile niliyoficha Krismasi! Koo lilikuwa limekauka. Nikafungua kifuniko, nikaipeleka mdomoni.

"Baba!" Natabo akapiga kelele.

Harufu ilinifikia kabla ya tone. Mafuta ya taa.

"Nani aliyaweka hapo?" Sista akauliza.

Ningeweza kusema ni ngiri. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini Nakal alikuwa ameinyoshea chupa mkono, vidole vikifunguka na kujifunga.

"Ni mimi."

"Mzee wa miaka sabini na mbili umedanganyika. Huyu je?"

Nilienda kutafuta nyundo.

Kufika saa sita, rafu ilikuwa juu ukutani. Mafuta yalirudi kwa mkebe wake, yakapanda pamoja na kiberiti na wembe.

"Na hiyo ya mfukoni?"

"Tumbako, Sista. Hiyo ni dawa yangu."

"Dawa zinakaa juu. Na stuli itoke nje, mtoto asipande."

Natabo aliitikisa rafu, haikutikisika. Akanipa Nakal, akaenda kazini.

Mpaka jioni nilikaa nikiangalia tumbako yangu kwa macho tu. Jirani akapita, akaniona nikikanda goti, akauliza limefanya nini. Nikamwambia nimepigana na nyoka chini ya kitanda, mrefu kama mkokoteni.

Nakal, pajani pangu, hakunisaliti.