Kidonge Shavuni

Kila aliyewahi kupita karakana ya fundi makochi aliijua tabia yake: akiwa kazini, misumari midogo hukaa shavuni, na ulimi huitoa mmoja mmoja kuipa nyundo. Ukimsalimu wakati huo anakujibu kwa nyusi. Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa ambavyo fundi alivivuta na kuvigongelea, alikaa na mume huyo wa nyusi maisha yake yote ya ndoa, na wala hakulalamika. Alizielewa.

Alipofariki, cherehani ikafunikwa shuka, na fundi akaanza kuumwa. Mafua yakimtoka leo, kesho yamerudi kama mgeni aliyesahau kofia. Halafu ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyomzunguka ubavu, akawa halali.

Binti yake wa pekee, muuzaji wa duka la dawa upande wa pili wa mji, akampeleka kwa daktari. Daktari hakuzunguka. Mzee ana msongo wa mawazo, akasema, na huzuni ya namna hiyo hushusha kinga ya mwili. Apate usingizi, chakula na watu wa kukaa nao. Katika maneno yote hayo binti alishika moja tu, kinga. Mengine hayauzwi dukani, na mtu mwenye hofu hukimbilia kile kinachoingia kwenye mfuko.

Basi akabeba. Vitamini C, zinki, mafuta ya samaki, chupa kwa chupa, akazipanga kwenye meza ya kazi kando ya gundi. Akamsisitizia baba yake kwamba vidonge vinamezwa mchana baada ya kula, visije vikamchafua tumbo. Kila mchana akawa anapiga simu.

"Umeshakunywa, baba?"

"Nimeweka mdomoni," mzee alijibu, sauti imebanwa shavuni, na binti akarudi kwa wateja wake roho kwatu.

Badala ya kupona, mzee akaota vidonda mdomoni. Binti akaona kinga ndiyo inamalizikia, akaongeza vidonge, na vidonda navyo vikaongezeka. Sasa hata yeye hakulala, na mafua yakamhamia. Alikuwa bado hajazoea kusema "marehemu mama", na wazo la kumzika baba naye halikumtoka, hata mteja akiuliza bei alibaki akimtazama tu.

Siku yake ya mapumziko akaenda bila kutoa taarifa. Alipitia jikoni. Sufuria zilikuwa safi, ule usafi wa vyombo visivyoguswa. Kwenye karakana mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, mgongo umemtoka mifupa. Ulimi ukatoa msumari, nyundo ikaupokea. Ukatoa mwingine. Kisha ukatoa kidonge cha rangi ya chungwa. Mzee akakitazama, akakirudisha shavuni taratibu, akaendelea na kazi.

Binti akamshika kidevu, akamfungua mdomo kama mtoto. Pale kidonge kilipolala, nyama ilikuwa imeungua, nyekundu. Hapo akaelewa. Vitamini C ile ni kali kama ndimu, na ikiyeyukia penye ngozi laini siku baada ya siku huichubua. Vidonda vile alivileta yeye mwenyewe kwa mfuko wake, kisha akaviongezea dozi. Hasira zikampanda, hasira za woga, akamuuliza kwa nini hamezi kama watu wengine.

Mzee akatema misumari kiganjani.

"Si ulisema baada ya kula? Nangoja chakula."

"Chakula gani, baba? Jikoni hamna kitu."

"Najua." Akaigeuzageuza misumari. "Mama yako ndiye aliyekuwa ananiita. Njaa ikinishika nasema ngoja, nitaitwa. Nikija kukumbuka, jua limezama."

 Wito ule binti aliukulia: mama anachungulia karakana na kutamka maneno yale yale mawili, maana yake kanawe, chakula tayari, na fundi anaacha kila kitu, hata mteja akiwa amesimama. Akaziondoa chupa mezani, akaenda dukani, akarudi na mchele, mayai na vitunguu. Alipokuwa akikata vitunguu alilia, na wala hakuvisingizia.

Akapakua sahani mbili, akaenda kusimama mlangoni. Aliogopa. Maneno yale hayakuwa yake, na huenda yangemtonesha mzee badala ya kumlisha. Akajikaza.

"Fundi, mikono."

Nyundo ikabaki juu. Mzee hakugeuka mara moja. Akatoa misumari shavuni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo, akaenda kunawa.

Alikula pole pole kwa sababu ya vidonda, machozi yakimteremka bila kuyafuta, na sahani akaimaliza. Binti alikula naye. Walizungumza habari za kochi, kwamba kitambaa hakijatosha na cherehani itabidi ifunuliwe.

Alipoaga, mzee alikuwa amesharudi kazini, misumari shavuni. Binti akamwambia kwamba kesho mchana atampigia, na hatauliza habari ya vidonge. Atamwita tu, naye anawe, apike mchele uliobaki, ale, na siku za mapumziko atakuja wale wote.

Mzee akajibu kwa nyusi. Binti akasimama kidogo pale mlangoni, maana kwa mara ya kwanza alizielewa bila mama kumtafsiria.