Kumtafuta Gitonga Hat Yai

Tangu Gitonga aache kupokea simu, nyumba yao ya Blaine, nje ya Minneapolis, haikukalika. Mama yake, Alice, aliamka alfajiri akaketi jikoni kuikodolea simu macho, chai ikimpoea mkononi. Binti yake Velma, muuguzi katika makao ya wazee kule Saint Paul, alirudi kutoka shifti akamkuta vilevile alivyomwacha.

"Angekuwa amekufa tungeambiwa, Mama."

"Tuambiwe na nani? Huko unamjua nani?"

Hakumjua yeyote. Alichojua ni kwamba mdogo wake alifundisha Kiingereza Hat Yai, mji wa biashara kusini mwa Thailand, karibu na mpaka wa Malaysia. Akaomba likizo, akafunga sanduku, akaondoka Minneapolis theluji ikidondoka.

Alifika Jumamosi, mji umefurika. Wamalaysia walikuwa wamevuka mpaka kuja kununua vitu na kula, na mabasi yao yaliziba barabara. Hotelini Velma alioga tu, kulala hakuweza. Akaingia soko la Kim Yong, akapita katikati ya marundo ya korosho na matunda makavu, akimwonyesha kila muuzaji picha ya Gitonga kwenye simu. Wengine walitikisa kichwa. Wengine walimwuzia korosho. Kila alipoona mwanamume mweusi kwa mbali alikimbia, akakuta siye.

Jioni mwanamke mmoja mwenye hijabu, aliyekuwa akikaanga kuku kando ya barabara, aliitazama picha akacheka. Alimjua: ni mwalimu wa mtoto wake! Akapiga simu, akamwashiria Velma angoje.

Gitonga alikuja kwa pikipiki, kitoto cha kike kimekaa mbele yake. Alipomwona dada yake nusura aiangushe.

"Velma! Umefikaje huku?"

"Nimefikaje? Mama hali, halali, na wewe uko hapa unazungukazunguka na pikipiki!"

Watu waligeuka. Gitonga akamvuta hadi kwenye meza ya plastiki.

"Huyu ni mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yake ni Mwislamu. Nilisilimu ndipo tukaoana. Kila nikitaka kumwambia Mama, namwona pale kanisani kiti cha mbele, nashindwa."

Velma akainuka, akaenda hadi pembeni, akarudi, akaketi, akainuka tena.

"Kaa basi, Velma."

"Siwezi kukaa! Anaitwa nani huyu mtoto?"

"Alisa. Ni jina la Mama, kwa matamshi ya huku."

Velma akampigia mama yao papo hapo. Blaine kulikuwa kunakucha.

"Utamwambia mwenyewe. Mimi sipandi ndege na siri yako tumboni."

Gitonga alimweleza yote huku machozi yakimlenga.

"Uko hai," Mama alisema.

"Niko hai, Mama."

"Basi. Hayo mengine nitazungumza na Mungu wangu." Akakata.

Velma alikaa kwa Gitonga hadi likizo ikaisha, akalala kwenye godoro sebuleni, akamzoea wifi yake.

Aliporudi Blaine, Mama alimpokea sanduku. Alipiga deki sakafu iliyokuwa safi, akasogeza makochi, akayarudisha. Kisha Jumapili moja, wakitoka kanisani, Velma akiwa anaendesha, Mama akasema huku akitazama nje:

"Huyo mtoto anasikia Kiswahili?"

"Anasikia kidogo. Lakini anajibu Kithai."

"Kama watoto wetu wa hapa tu na Kiingereza chao." Akageuka kumtazama. "Pasipoti yangu inaisha lini?"

Walipofika nyumbani, Mama alikuwa ameshafungua mkanda kabla gari halijaingia gerejini. Akaenda moja kwa moja chumbani na koti lake mwilini, na Velma akamsikia akivuta droo moja baada ya nyingine.