Ua Lililokwisha Kuanguka

Mama Fusae alikuwa ameacha kula. Alilala kwenye godoro la chini, uso ameuelekeza kwenye mlango wa karatasi, na neno lake lilikuwa hilo hilo tu:

"Nileteeni ua langu la kamelia nilione."

Mti wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, aliupanda mwaka alioletwa hapa bi harusi. Mkaza mwanawe, Chizuru, alikuwa akiusikia hata usingizini: maua mekundu yakidondoka, puu, puu, juu ya theluji inayoyeyuka. Maana kamelia halipukutiki kidogo kidogo kama maua mengine. Huanguka zima, kama kichwa kilichokatwa, ndiyo sababu mgonjwa hapelekewi.

"Thubutu uone," alisema Yasuko, binti wa mgonjwa. "Uliingize humu, lianguke, mama naye aondoke! Utamlilia nani?"

"Lakini ndilo analolitaka, wifi."

"Akitaka sumu utampa? Mpe tawi la mpichi, linafukuza mabaya."

Chizuru alimpelekea la mpichi. Mama mkwe akageukia ukutani.

"Hilo la watu," alinong'ona. "Mimi nataka langu."

Alfajiri ukungu ulikuwa umeimeza bustani. Chizuru alinyoosha mkono kwenye tawi, mkono ukakataa. Je, likianguka kweli? Akainamisha macho. Chini, maua yalikuwa yamelala yakitazama juu, mekundu vilevile, kama watu walioketi wakisubiri kuitwa. Alisimama pale mpaka ikawa kama ardhi ndiyo iliyochanua, na mti ni kivuli chake tu. Akaokota moja, akaliweka lielee ndani ya bakuli la maji.

Yasuko alimkuta analiweka kando ya mto wa mgonjwa.

"Ala! Nilikwambia nini wewe?"

"Hili limeshaanguka, wifi. Litaanguka wapi tena?"

Kidole cha mama kilikuwa kimeligusa ua, nalo likazunguka polepole majini, likazunguka tena.

"Yasuko, punguza kelele, unalitisha," alisema mama. Akalitazama kitambo. "Uji upo? Apike Chizuru. Wewe unajaza chumvi."

Yasuko akafuta macho kwa mkono wa kimono. Kisha alichukua bakuli jingine la maji, akatoka kwenda bustanini, viatu hata hakuvaa.