Minghairi Katika Mji wa Kaulinusu

Nchi ya Usitiri ilijaaliwa maji matamu, mashamba ya ufuta na watu wa adabu, na katika adabu zao zote hakuna iliyotukuzwa kuliko adabu ya kuacha. Jambo lolote la kutisha halikutajwa kwa jina lake. Mahali pake waliweka neno minghairi, ambalo kwa watu wengine ni neno dogo la kuonyesha kwamba kitu kimeachwa nje, lakini kwao lilikuwa pazia la kila msiba. Aliyezama mtoni alipatwa na minghairi. Aliyeugua ukoma alikuwa na minghairi. Hata mfiwa alipewa pole pasipo jina la marehemu kutajwa. Wahenga wao walisema kwamba kiitwacho huitika, nao wakaamini kuwa hofu isiyo na jina haina njia ya kuingia mjini. Kumbe ilikuwa na njia zote. Aliyelisikia neno lile hakujua aogope nini, basi aliogopa vyote kwa pamoja. Katika Kaulinusu, mji mkuu wao, watu walilala na viatu miguuni.

Mjini humo aliishi Bayana, msuka mikeka, mjane. Mumewe alipoumwa na nyoka kondeni, majirani walimfikisha kwa Tabibu Makisio wakisema, "Amepatwa na minghairi, Tabibu." Tabibu akakisia homa, akamnywesha dawa ya homa, na mgonjwa akakata roho kabla ya adhuhuri. Basi siku binti yake Faraja alipoumwa vilevile, Bayana alisimama mlangoni pa Tabibu akapaza sauti: "Nyoka! Ni kifutu, nimemwona kwa macho yangu!"

Faraja akapona. Bayana akakamatwa.

Barazani pa Hakimu Msitiri watu walijaa hadi uani.

"Bi Bayana," alisema Hakimu kwa upole, "unashtakiwa kwa kutamka minghairi mbele ya hadhara. Adhabu yake ni kupelekwa Bonde la Kimya."

"Huko bondeni kuna nini, Mheshimiwa?"

"Kuna minghairi."

Bayana akamvuta Faraja ubavuni pake. "Na mtoto huyu nimwachie nani? Nisomewe basi kosa langu, nijue ninachotubia. Nilitamka nini?"

Karani akautazama waraka. "Siwezi, Mheshimiwa. Nikilisoma nitashtakiwa na mimi."

"Tushtakiwe sote," akanong'ona mzee mmoja nyuma, "angalau tuwe na wa kuzungumza nao huko." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha makoo makavu.

Hakimu alikuwa amekwishainua mkono atoe hukumu, ndipo Mbiu, mpiga mbiu wa mji, alipoingia mbio, jasho likimtiririka.

"Minghairi! Minghairi yaja!"

Hapo baraza likapasuka. Waliodhani ni gharika walipanda mapaa. Waliodhani ni maadui walijitupa mashimoni. Waliodhani ni chui walikimbilia majumbani wakakomea milango, na miongoni mwao alikuwamo Bi Tahadhari, mke wa Hakimu, aliyekwenda kujifungia nyumbani kwake mtaa wa juu.

"Yaja nini?" akauliza Hakimu. Swali hilo lilikuwa haramu kwa sheria aliyoiandika mwenyewe.

Mbiu akafumbua kinywa, akakifumba tena. Mazoea ya umri mzima yalimzuia kulitamka.

Bayana akamshika mabega. "Kaka Mbiu, nijibu kwa kichwa tu. Kina miguu?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Ni maji?"

Akakataa.

"Kina moshi?"

Machozi yakamtoka Mbiu, akaitikia kwa kichwa.

Bayana akapanda juu ya kiti cha mshtakiwa. "Moto! Ni moto wa nyika, jamani! Shukeni mapaani! Mtoni, nyote mtoni!"

Waliosikia walishuka, wakafungua, wakakimbia. Bayana akamweka Faraja mgongoni, akapita mlango kwa mlango akilitangaza neno lile mpaka sauti ikamkauka. Mtaa wa juu hakuufikia. Moshi ulikuwa umemtangulia.

Moto ulipochoka, watu walikuwa wamesimama mtoni, maji kiunoni, masizi usoni. Mbiu akamwendea Hakimu polepole.

"Mheshimiwa, mkeo... mkeo amepatwa na..."

"Nyamaza hapo hapo," akasema Hakimu. Kisha, kwa sauti ambayo hakuna aliyepata kuisikia kwake: "La. Sema kama ilivyo, usiache kitu."

"Ameungua, Mheshimiwa. Amekufa. Alidhani ni chui, akakomea mlango."

Hakimu akalia, akilitaja jina la mkewe. Hakuna aliyejua la kumwambia, maana pole zote za Usitiri zilikuwa nusu. Bayana, ambaye hukumu yake ilikuwa bado haijatolewa, akatembea ndani ya maji mpaka alipokuwa Hakimu.

"Pole, Hakimu," akamwambia, "kwa kufiwa na Bi Tahadhari."