Chumba Kilichosingiziwa Mvumo

Uvumi mama aliupata kwa fundi cherehani, alikokwenda kununua uzi: sikio linalovuma ni sikio linaloaga. Mwanamke mmoja alisema hivyo huku akijaribisha gauni, akacheka, akaenda zake. Mama hakucheka. Alirudi nyumbani maneno yale yamemganda kama kupe. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mwanawe wa pekee, ambaye watu walimwita Masikio kwa alivyojua kusawazisha sauti za waimbaji, alikuwa na siku ya nne akilalamika kwamba chumba chake cha kusikilizia kinavuma.

"Mama, huusikii? Kama nyuki ndani ya debe."

Mama alitega sikio. Hakusikia kitu. Lakini uso wa mwanawe ulikuwa umesawajika, na lile neno la kwa fundi aliogopa kulitamka, lisije likatimia.

"Nausikia, baba. Kwa mbali."

Basi Masikio akaamua kosa ni la kuta: sauti inagonga saruji tupu, inarudi. Akaketi kitini mbele ya spika, mama akatambaza kioo ukutani taratibu. Pale mwanawe alipoiona spika ndani ya kioo, wakatia alama ya chaki, maana hapo ndipo sauti inapodundia. Akachonga fremu za mbao, akazijaza sufi ya mawe, ile inayomeza sauti, unene wa vidole vinne, mama akazishonea kitambaa. Kila kitambaa alikipuliza kwanza. Pumzi isipopita, na sauti haipiti.

Mjomba mtu alichungulia mlangoni akaangua kicheko. "Mpwa wangu, umezitandikia kuta magodoro! Sasa utalala wima kama ufagio?"

"Nitalala vyovyote, mjomba, mradi mvumo uishe."

"Mvumo gani? Mbona hapa kimya kabisa?"

"Muulize mama."

Mjomba alimgeukia dada yake. Mama aliinamia sindano. "Upo," alisema. "Kidogo."

Ilikuwa siku ya sita.

Kufika wiki ya nne fremu zile zilikuwa zimejaa kuta mbili, dari na pembe zote. Masikio akapiga kofi. Kofi likafa palepale, bila mwangwi. Mama alisikia hata mate yake yakishuka kooni. Chumba kilikuwa kimepona.

"Bado," Masikio alisema, akawasha wimbo. "Halafu spika ya kushoto nayo imekufa."

Mama alikwenda akaweka sikio kwenye spika ile. Ilikuwa ikiimba.

Wimbo ulikuwa ukiendelea. Akasimama kushoto kwa mwanawe, akamwita kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Akamwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka.

"Sikusikia kitu, mwanangu. Tangu siku ya kwanza, nilikudanganya."

Na kwa kuwa hakumsikia, ilimbidi azunguke upande wa kulia, ayaseme yote upya.

Masikio aliuzima wimbo. "Hata siku ile mbele ya mjomba?"

"Hata siku ile."

Hospitalini, daktari aliuliza ilianza lini. Alipoambiwa ni wiki ya nne sasa, aliweka kalamu chini. "Mngekuja siku zile za mwanzo, tungejaribu dawa. Sasa, mama, nisikudanganye. La kushoto limekwenda."

Waimbaji wamehamia kwa fundi mwingine wa sauti. Masikio hawezi kukaa mle ndani hata dakika moja: kimya alichokitengeneza kwa mikono yake ndicho kinachoukuza ule mvumo. Na mama yake akisema naye siku hizi, hujibu kwa kichwa tu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Kipande kilichobaki cha boksi la sufi mama alikiandika kwa ile ile chaki, akakitundika mlangoni, asome yeyote mwenye mwana:

Usikubali kuwa unasikia usichokisikia.
Usitengeneze ukuta kabla sikio halijapimwa.
Usingoje wiki iishe. Sikio moja likivuma, nenda siku hiyo hiyo.
Usifiche neno la kutisha ulilolisikia, hata kama limesemwa kwa kicheko.
Usimwache mtu mmoja aamue kinachosikika. Waite watatu, waulize mmoja mmoja.
Usimdanganye mwanao ili afurahi.